Hatukuchelewa, Mtoto Ndiye Aliyewahi

Barua ya wazi kwa Waheshimiwa mnaopanga huduma za uzazi, ambulensi na uvukaji wa wakazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe, Mombasa

Waheshimiwa,

Nawaandikia mimi mkazi wa Mtongwe, Likoni, mwalimu mstaafu, mama wa watoto wanne na bibi wa wajukuu sita. Huyu wa sita ndiye aliyenishikisha kalamu. Alizaliwa ndani ya tuktuk, saa sita na nusu ya usiku, kando ya barabara, mbele ya duka lililofungwa ambalo taa yake ya nje ilikuwa bado inawaka. Mikono iliyompokea ni hii ninayoandikia. Nguo yake ya kwanza ilikuwa leso niliyojifunga kiunoni.

Ni mzima, alhamdulillahi, na mamake ni mzima. Nimesubiri arubaini iishe ndipo niandike, maana ndani ya arubaini mzazi aachwe apumzike, nyumba isijae mambo ya barua. Sasa zimepita wiki saba, na wiki zote hizo nimeishi na swali moja. Tulipofika kituoni usiku ule, mtoto akiwa kifuani kwa mamake na kitovu bado kimewaunganisha, neno la kwanza tuliloambiwa lilikuwa: "Mbona mmechelewa?"

Hatukuchelewa, Waheshimiwa. Saa mbili ya usiku huohuo tulikuwa palepale kituoni. Mkaza mwanangu alipimwa, akaambiwa njia imefunguka sentimita tatu, arudi nyumbani atembeetembee, aje alfajiri. Alisema, kwa sauti yake ya upole, kwamba mtoto wake wa pili alikuja kwa saa mbili tu tangu uchungu uanze. Jambo hilo limeandikwa katika kitabu chake cha kliniki, kwa wino, kwa mkono wa muuguzi. Akajibiwa kwamba kila mimba ina mambo yake. Tukarudi. Saa tano na dakika arubaini ukamshika uchungu ule usioachia. Saa sita na dakika tano chupa ikapasuka. Mwanangu alikuwa kazini, zamu ya usiku. Nikampigia kijana wa jirani mwenye tuktuk, akaja na fulana aliyolalia. Hatukufika mbali. Mkaza mwanangu akanishika bega akasema, "Mama, anakuja." Nilipopeleka mkono nilikuta kichwa.

Sitaji jina la kituo wala la mtu. Muuguzi aliyeturudisha alikuwa peke yake na kina mama watano, na muda wote tuliokuwa pale sikumwona akikaa. Ninacholeta kwenu si kosa la mtu mmoja wa zamu. Ni mpango mzima, uliopangwa kana kwamba mtoto atangoja gari, atangoja feri, atangoja alfajiri. Naomba mnisikilize hoja kwa hoja.

1. Mtoto wa haraka hujulikana kabla hajaja.

Wakunga wana kipimo chao: uzazi uliokwisha ndani ya saa tatu tangu uchungu uanze kushika mfululizo huhesabiwa kuwa uzazi wa haraka. Huwapata zaidi wanawake waliokwisha kuzaa, na aliyezaa haraka safari moja ana kila sababu ya kutarajiwa kuzaa haraka tena. Mitaani kwetu mwanamke wa namna hiyo huambiwa ana bahati. Hata mimi niliwahi kumwambia hivyo mkaza mwanangu, baada ya yule wa pili. Sitarudia. Binti ya dada yangu, ambaye ni muuguzi, alinikalisha akanieleza: mji wa mimba uliofanya kazi kwa kasi ile huweza kulegea mtoto akishatoka, ukashindwa kujikaza, na damu ikamwagika bila kizuizi. Mama huchanika. Mtoto naye hutokea penye baridi na uchafu, na kama hakupumua katika dakika ile ya kwanza, pembeni yake hakuna ajuaye la kufanya. Kwa hesabu zilizotokana na sensa ya 2019, nchini Kenya hufa akina mama 355 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, na kumwaga damu baada ya kuzaa ni miongoni mwa sababu kubwa.

Usiku ule niliisikia hesabu ikifanywa mbele yetu: sentimita moja kila saa, basi mpaka alfajiri. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa uzazi unaosema wazi kwamba kipimo cha sentimita moja kwa saa kisifanywe kanuni ya kila mwanamke, kwa kuwa miili haiendi kwa mwendo mmoja. Mwongozo huohuo haukubali iwe sera kumchelewesha mama mwenye afya kulazwa mpaka uchungu ukolee, isipokuwa pale ambapo utafiti makini unafanywa. Sisi tunarudishwa nyumbani usiku, katika mitaa isiyo na taa, na hakuna utafiti wowote unaofanywa juu yetu.

Naomba basi: kila mama ambaye kitabu chake kinaonyesha aliwahi kuzaa ndani ya saa tatu awekewe alama juu ya jalada, ionekane hata na muuguzi aliyechoka. Mwenye alama hiyo asirudishwe nyumbani baada ya magharibi, hata akiwa na sentimita moja. Kama kitanda hakuna, apewe benchi na ndugu yake akae naye. Na kuanzia mwezi wa nane wa mimba kliniki ikae naye imuulize: usiku utaita nani, utapita njia gani, nani atabaki na watoto? Katika kliniki zote za mimba hii, mkaza mwanangu hakuulizwa hata moja kati ya hayo.

2. Watu tuko bara, na tegemeo liko kisiwani.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti ya Mombasa. Mvita, yaani kisiwa, ilikuwa na 154,171. Likoni peke yake ilikuwa na 250,358, Kisauni 291,930, Changamwe 131,882. Maana yake, katika kila watu wanane wa Mombasa, saba hivi wanalala bara. Hata hivyo, uzazi ukiharibika, kidole huelekezwa kisiwani, kwenye Hospitali Kuu ya Pwani. Wa Kisauni avuke daraja la Nyali baada ya kupenya msongamano wa Kongowea. Wa Changamwe apite Makupa katikati ya malori. Wa Likoni ashuke kwenye feri.

Mlango wa Kilindini una upana wa kama mita 500. Mtu akisimama ufukweni Likoni huziona gari za ng'ambo. Lakini mita hizo si za kutembea. Ambulensi yenye king'ora hupishwa. Tuktuk iliyobeba mzazi haina king'ora, na dereva wake hana la kuonyesha ila sauti yake. Sasa tuna barabara ya Dongo Kundu, nasi tunashukuru, ila kwa aliye Likoni ni kuzunguka mpaka Miritini kisha kurudi kisiwani kupitia kulekule Changamwe na Makupa. Mwanamke anayevuja damu hana muda wa mzunguko huo.

Nilijifunza hayo saa saba ya usiku. Mkaza mwanangu aliendelea kutoka damu, leso mbili zikalowa, ya tatu ikaanza. Tukaambiwa: akihitaji damu itabidi avuke. Nikauliza ambulensi. Nikajibiwa, "Iko ng'ambo." Kwa rehema za Mungu sindano aliyodungwa ilifanya kazi, na muuguzi mmoja akamsugua tumbo kwa nguvu mpaka mji ukajikaza. Hakuvuka. Lakini katika dakika zile nilisimama uani nikihesabu ndugu zake ambao damu yao huenda ikafanana na yake.

Damu ya mzazi haifai kupimwa kwa leso. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika hospitalini katika nchi nne, Kenya na Tanzania zikiwemo: mzazi akitandikiwa plastiki yenye mfuko uliochorwa vipimo, damu ikaonekana mapema na matibabu yote yakatolewa kwa pamoja, kumwaga damu kwa kiwango cha hatari kulipungua kwa asilimia 60. Sehemu ya utafiti huo ilifanyika humuhumu nchini. Naomba mifuko hiyo iwe katika kila kituo cha uzazi cha bara.

Naomba pia yafuatayo, na haya ndiyo kiini cha barua yangu. Ambulensi moja ilale upande wa Likoni kila usiku, isivuke kurudi ng'ambo ila imembeba mgonjwa. Kila upande wa bara, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe, uwe na chumba cha upasuaji kinachofanya kazi usiku kucha na damu ndani ya friji. Wa afya na wa kivuko muandikiane makubaliano: kituo kikipiga simu kwamba mzazi anakuja, chombo chochote alichomo, kiwe tuktuk, teksi au pikapu ya samaki, kipewe njia kama ambulensi.

Siombi feri ivunje kanuni za usalama. Mimi ni mtu wa Mtongwe. Tarehe 29 Aprili 1994 feri yetu ilipinduka na watu 272 wakafa, na mtaa huu ulikaa matanga mlango kwa mlango. Anayejua maji yanavyochukua watu hawezi kuomba haraka ya ovyo. Ninaomba simu ipigwe mapema na mtu aliyepo getini awe na ruhusa ya kufungua njia.

3. Haya si hisani.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, afya ya uzazi ikiwemo, na inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 inafafanua kwamba matibabu ya dharura ni pamoja na huduma kabla ya kufika hospitalini. Kabla ya kufika! Na Jedwali la Nne la Katiba linataja, miongoni mwa kazi za kaunti, ambulensi na vivuko vya feri. Waliolitunga waliviweka viwili hivyo katika orodha moja. Kwa nini wa ambulensi akiulizwa humtaja mwenziwe wa feri, na wa feri humrudisha mwananchi kwa wa ambulensi?

Kuhusu namna tunavyosemeshwa, nitakumbusha jambo moja tu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliyoketi Bungoma iliamuru mama aliyejifungulia sakafuni hospitalini, kisha akatendewa kwa kudharauliwa, alipwe shilingi milioni 2.5. Mahakama iliona kwamba utu wa mzazi una thamani mbele ya sheria. "Mbona mmechelewa?" ni maneno mawili tu, lakini mkaza mwanangu aliyabeba. Siku ya tatu aliniuliza kama ni yeye aliyemhatarisha mtoto. Nilimfungulia kitabu chake cha kliniki, nikamwonyesha mstari ule wa wino, nikamwambia asome kwa sauti.

4. Nauli ya usiku inalipwa na nani?

Tarehe 1 Juni 2013 ilitangazwa kwamba kujifungua katika hospitali za umma ni bure. Ukaja mpango wa Linda Mama, na tangu Oktoba 2024 tuko chini ya SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambako kituo hulipwa shilingi 10,000 kwa uzazi wa kawaida na 30,000 kwa wa upasuaji. Ni jambo jema sana. Lakini pesa zote hizo huanza kuhesabika mama akishaingia mlangoni. Njia ya kutoka Mtongwe mpaka mlangoni haimo. Yule kijana wa tuktuk alisafisha gari lake mpaka jua likatoka, na nilipompa pesa alikataa. Hatuwezi kuujenga mpango wa serikali juu ya wema wake.

Jirani zetu wamepata njia. Tanzania wana mpango uitwao m-mama, ulioanzia Sengerema na Shinyanga na sasa umeenea nchini kote. Mama au mhudumu hupiga 115 bila malipo, muuguzi hupokea simu, hupima dharura, kisha hutuma ambulensi. Kama ambulensi iko mbali, hutuma dereva wa mtaani aliyesajiliwa, naye hulipwa kwa simu akishamfikisha mgonjwa. Na tusiseme ni mambo ya nje. Kafyu ya korona ya 2020 ilipowafungia akina mama majumbani, daktari wa Nairobi, Jemimah Kariuki, pamoja na wenzake, walianzisha Wheels for Life. Mama alipiga 1195 bure, akazungumza na daktari, akatumiwa teksi au ambulensi. Jambo hilo liliwezekana chini ya kafyu, ndani ya wiki chache.

Madereva wa tuktuk wa Likoni, Magongo na Mlaleo wanajulikana kwa majina na kwa steji. Sajilini wachache kila steji kwa zamu ya usiku, wapeni namba moja ya kupokea simu, na muwalipe siku hiyohiyo. Namba hiyo ichorwe ukutani, msikitini na kanisani, kwa rangi isiyofutika kwa mvua.

5. Wa kwanza kumpokea mtoto wa njiani si mkunga, na hakuna anayemfundisha.

Niliyoyajua usiku ule ni machache mno, na nusu yake nilikuwa nimeyasikia kwa marehemu mama yangu. Nilijua nisivute. Nilijua nimfute, nimweke kifuani kwa mamake ngozi kwa ngozi, niwafunike wote wawili. Kijana alinipa wembe mpya kutoka kisanduku chake, nami nikatetemeka nao mkononi. Sikukata. Baadaye binti ya dada yangu akaniambia kwamba hilo ndilo jambo bora nililofanya, kwani kitovu kisichokatwa hakimdhuru mtoto njiani, na wembe usiochemshwa humdhuru. Hayo nilipaswa kuyajua kutoka kliniki. Mavyaa huwasindikiza wakaza wana wao kliniki mara nne, mara tano, wakakaa benchini asubuhi nzima. Nusu saa ya kuwafundisha haikosekani.

Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii 100,000 walizinduliwa na kupewa mikoba yenye kipimo cha presha, cha sukari, cha joto na mizani. Wa mtaa wetu ni mwanamke hodari, anakaa nyumba ya tano kutoka kwangu, na usiku ule angefika kwa miguu kabla ya tuktuk. Naomba wa bara waongezewe mfuko safi wa kuzalishia: glavu, karatasi ya plastiki, vibanio viwili vya kitovu, wembe uliotakaswa, kitambaa kikavu. Shirika la Afya Duniani linakubali pia kwamba, pasipo mkunga wala sindano, mhudumu aliyefundishwa anaweza kumpa mama vidonge vya misoprostoli baada ya mtoto kutoka ili kuzuia damu. Wafundisheni, wapeni. Na wakunga wa jadi, ambao wengi wao sasa ni wasindikizaji tu, msiwafukuze langoni wanapomleta mzazi. Wao ndio wanaogongewa milango usiku.

6. Cheti cha mjukuu wangu.

Hili ni fupi lakini linaniumiza. Kituo kilisema mtoto hakuzaliwa kwao, tuende kwa naibu wa chifu. Huko tukaambiwa mtoto na mamake walihudumiwa kituoni, kwa hiyo turudi tukaandikiwe huko. Tumekwenda na kurudi mara nne. Pale penye "mahali alipozaliwa" hakuna aliye tayari kuandika "barabarani". Miezi sita ikipita tutaingia katika usajili wa kuchelewa, wenye masharti yake, na hapo tena tutaulizwa swali lilelile. Toeni agizo la maandishi: kituo cha kwanza kumpokea mtoto aliyezaliwa njiani ndicho kimwandikie taarifa ya kuzaliwa, siku hiyohiyo.

Waheshimiwa, mnaweza kuniambia bajeti ni ndogo. Alama kwenye jalada la kitabu haihitaji bajeti. Wala simu kati ya kituo na kivuko, wala agizo juu ya cheti, wala nusu saa na kina mavyaa benchini. Hayo manne naomba yaanze mwezi huu. Ambulensi ya kulala Likoni, damu na vyumba vya upasuaji vya usiku, tuambieni tarehe, kisha mje mtaani mtuambie wenyewe, tuwaulize.

Naomba jibu kwa sababu iliyo karibu sana. Nyumba ya pili kutoka kwangu kuna mama mwenye mimba ya nne, anaingia mwezi wa tisa. Wa tatu alimzaa kwa saa moja na nusu. Jana alikuja kumtembelea mzazi, akamshika mtoto, kisha akaniuliza kama ile tuktuk bado ipo. Nilimpa namba ya yule kijana. Nikampa na leso mbili zilizofuliwa na kupigwa pasi, na mfuko wa plastiki wa kuziwekea. Akaniuliza, na yeye akirudishwa usiku, akatae kutoka pale kituoni? Nimemwahidi jibu kabla ya mwisho wa wiki, na ningependa liwe lenu.

Wenu kwa heshima,

Bibi wa mtoto aliyezaliwa njiani
Mtongwe, Likoni